Miaka Ishirini kwa Hesabu ya Kidawa

Ukitaka kujua leo mwezi ngapi, muulize Kidawa. Hivyo ndivyo wanawake wa Tanga, Unguja na Dar walivyozoea kuambiana kule Fordsburg, Johannesburg, na hawakuwa na maana ya Januari wala Februari, maana hizo kila simu inazijua. Walimaanisha mwezi wa kuandama. Mwanaasha alipofiwa na mumewe, ni Kidawa aliyemhesabia eda, miezi minne na siku kumi, akamtajia siku ya kutoka bila kuangalia popote. Arobaini, hitima, akika ya siku ya saba, sita za Mfunguo Mosi, zote zilipitia kwake kwanza. Alikuwa akikaa nyuma ya meza yake sokoni, katikati ya mitandio, madira na vikopo vya udi, na mtu akimuuliza, yeye hutazama juu kidogo, hugusa pingili za vidole kwa dole gumba, kisha hujibu. Hakuwa akikosea. Na hilo la kutokukosea, tuseme ukweli, lilikuwa limempanda kichwani.

Hesabu hiyo alifundishwa na mama yake. Kwao Tanga miezi ilianza kuhesabiwa siku watu wanapofungua mfungo: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Msidhani kalenda ya ukutani hakuijua. Umeme alilipa kwa kalenda ya ukutani, na kliniki alikwenda kwa hiyo hiyo. Lakini mambo makubwa ya maisha yake hakuyaweka humo. Aliolewa na Mselem Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Sumaiya, mtoto wao mmoja, alizaliwa Rajabu. Na nyumba ya Doornfontein waliingia Ramadhani.

Nyumba hiyo ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, katika jengo la zamani ambalo mwaka 2004 lilikuwa linakufa. Mabomba yalikuwa yameoza, ukuta wa bafuni umevimba, na wapangaji waliobaki walipanda maji kwa ndoo. Mselem alikuwa fundi bomba. Mwenye jengo, mzee wa Fordsburg aliyekuwa akiswali naye msikiti mmoja, hakuwa na uwezo wa kulifufua. Wakakubaliana hivi: Mselem atatengeneza mabomba ya ghorofa yote ya tatu kwa jasho na vifaa vyake, na yeye atapewa nyumba ile moja kwa mkataba wa miaka ishirini, kodi ndogo isiyoruka ruka. Ishirini ikiisha, akitaka, anaongezewa kumi. Mselem hakuwa mtu wa kuridhika na maneno. Alimburuta mzee wa watu mpaka kwa mwanasheria, mkataba ukaandikwa, ukasajiliwa serikalini kama inavyotakiwa.

Siku waliyokabidhiwa funguo walifuturu sakafuni, kwa tende na uji kwenye chupa, Sumaiya akiwa na miaka sita amelala juu ya mkoba wa vifaa vya baba yake. Mselem alisema, "Miaka ishirini, Kidawa. Tangu Ramadhani hii. Ikibaki miezi mitatu ishirini itimie, tunawaandikia barua kwamba tunataka kuendelea. Wakiipata barua hawawezi kutukatalia. Tusipoandika, tumejitoa wenyewe."

"Tangu Ramadhani hii," Kidawa alirudia, na maneno hayo yakakaa.

Mselem hakuimaliza hata nusu ya miaka hiyo. Moyo ulimsimama kazini, ghorofa ya kumi na moja ya jengo la watu, mwaka wa tisa. Kidawa alikaa eda humo humo ndani, na alipotoka alirudi sokoni, akasomesha, akalisha, akajibana. Jiji lilimtoa jasho kama linavyowatoa wote. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo wenzake wengi hawakuwa nalo: hakuna aliyeweza kumgongea mlango na kumwambia toka. Wenzake walihamahama kila mwaka na magodoro yao, huyu kafukuzwa Hillbrow, yule kapandishiwa kodi Yeoville. Yeye alikuwa na ishirini yake, na nyuma ya ishirini, kumi nyingine, itakayomfikisha uzeeni. Karatasi aliiweka kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwahi kuifungua. Ilikuwa Kiingereza cha wanasheria, na kilichokuwamo alishakijua.

Sumaiya alikua, akapata kazi kwenye duka la dawa. Alikuwa mtoto wa mji ule: Kiswahili anakisikia chote, lakini mama akimsemesha kwa Kiswahili yeye hujibu kwa Kiingereza, na kwa wenzake ni Kizulu. Miaka miwili kabla ya mambo haya, alimwambia mama yake alete ule mkataba ausome, aweke tarehe kwenye simu.

Kidawa alicheka. "Simu yako ikizima? Hilo niachie mimi. Mimi tarehe sikosei."

"Sharp, Mama," Sumaiya alikubali, akaenda zake kazini. Hakulirudia tena, na kwa nini alirudie? Mama yake alikuwa amesema amelishika.

Na kweli alilishika. Kwa hesabu yake, Ramadhani ya mwaka 2024 ndiyo ingetimiza ishirini, na barua ilikuwa iandikwe Mfunguo Tisa. Lakini Mfunguo Nane dada yake aliugua kule Tanga, Kidawa akafunga safari. Akamuuguza, dada akafariki, akakaa mpaka arobaini ikapita, akagawa nguo za marehemu, akapatanisha wajomba waliokuwa wananuniana juu ya kiwanja. Aliporudi Johannesburg, Shaabani ilikuwa ukingoni. Alikuwa amechoka mwili na roho.

Jioni mwezi ulipoandama, alikuwa jikoni analoweka mbaazi. Simu zikaanza kulia, wanawake wakimuuliza kama kesho wanafunga. Aliwajibu wote. Halafu, kwa mazoea tu, akajihesabia: Ramadhani ya kwanza humu ndani, walifuturu sakafuni. Ya pili, Sumaiya alijaribu kufunga nusu siku. Akaenda mpaka ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Hii inayoingia ilikuwa ya ishirini na moja. Maana yake ishirini ilikuwa inatimia mwezi huu huu, na barua, miezi mitatu yake ilikuwa imepita yeye akiwa Tanga.

Aliketi kwenye kiti cha jikoni, mikono bado ina maji. Yeye, ambaye mji mzima ulimuuliza tarehe, alikuwa amesahau yake mwenyewe, tena aliyoachiwa na marehemu kwa mdomo wake. Kilichomuuma kwanza haikuwa nyumba. Ilikuwa aibu. Sumaiya alipoingia na kumuuliza mbona yuko gizani, alisema kichwa kinamgonga.

Hakumwambia. Alifunga mwezi mzima na siri hiyo, akapika, akaswali tarawehe, akawa kila akipita kabatini anageuza uso. Laiti siku moja tu katika zile thelathini angeunyoosha mkono akautoa ule mfuko! Lakini mtu hafungui barua ya mashitaka yake mwenyewe, na Kidawa aliiona ile karatasi hivyo hivyo.

Baada ya Idi alivaa buibui jipya, akajipiga moyo konde, akaenda ofisini. Mzee wa Fordsburg alikuwa amekufa zamani, warithi wake wameuza jengo kwa kampuni moja, na kampuni ilikuwa na ofisi mtaa wa pili tu, karibu na chuo. Aliyekaa mezani alikuwa Théodore, Mkongo wa Lubumbashi, kijana mwenye heshima aliyekuwa akimbebea Kidawa mizigo ngazini lifti ikikwama. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Mwanangu," Kidawa alisema, "nimekuja kukiri kosa. Mkataba wangu umekwisha tangu Ramadhani, na barua sikuandika. Nilikuwa msibani."

Théodore alitazama kompyuta yake, akakuna shingo. "Mama, mi hapa sioni date. Dossier ya zamani iko kwa ba-avocat, wale wanasheria. Niiombe? Itakuya mardi. Tuone kwanza."

Hapa ndipo pa kulia. Jumanne ilikuwa siku nne mbele. Kidawa alizifikiria hizo siku nne za kungoja, kisha akaifikiria Jumanne yenyewe, akae mbele ya kijana huyu huku karatasi inafunguliwa na kosa lake linasomwa kwa sauti. Akaona bora ayamalize.

"Huna haja ya kuomba faili," alisema. "Mimi tarehe sikosei. Umekwisha."

"Niko nakuuliza tena, Mama. Uko na hakika?"

"Ninayo hakika. Waulize watu."

Théodore akavuta pumzi, akatoa fomu. Na hakumficha kitu, lazima asifiwe kwa hilo. Alimsomea mstari kwa mstari, akitafsiri. "Hapa wanasema bail, ule mkataba wa zamani, imeisha, na haki zote za ndani yake, umeziacha. Hapa wanasema utakaa mwezi kwa mwezi. Siku wanataka nyumba, wanakuandikia, unatoka. Kodi inabakia ile ile kwanza. Umesikia, Mama?"

"Nimesikia."

Akatia sahihi sehemu tatu. Aliporudi nyumbani alijisikia mwepesi, na akapika pilau. Alikuwa amekwenda kifua mbele, amesema kweli, hakutimuliwa. Alimwambia Sumaiya kwamba mambo ya nyumba ameyaweka sawa, na Sumaiya, mdomo umejaa, akainua dole gumba.

Barua ilikuja Julai, wiki ya kwanza, wakati baridi ya mji ule inapouma mpaka mifupani. Sumaiya aliisoma amesimama, bado na koti la kazini. Kampuni ilikuwa inageuza jengo lote kuwa vyumba vya wanafunzi. Bibi Kidawa Mselem alitakiwa kuondoka mwisho wa Agosti.

"Hawawezi," Sumaiya alisema kwa Kiingereza chake. "Mama, si tuna mkataba? Si uliongeza?"

Ndipo Kidawa akamweleza yote, ameketi kitandani, anatazama zulia. Alieleza msiba, mwezi ulivyoandama, alivyohesabu, alivyokwenda kwa Théodore. Sumaiya hakupandisha sauti. Alikwenda kabatini, akatoa mfuko wa plastiki, akaufungua. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa kukaa. Aligeuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mama, hapa pameandikwa tarehe moja Novemba 2004. Mpaka tarehe thelathini na moja Oktoba 2024."

"Tuliingia Ramadhani," Kidawa alisema.

"Ndiyo. Ramadhani ya 2004 ilikuwa Novemba. Ya mwaka huu ilikuwa Machi."

Hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha watoto wa madrasa, kila Jumamosi, kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja, ndiyo maana Ramadhani huwakuta mara baridi mara joto. Siku kumi na moja mara ishirini, miezi saba na ushei. Alikuwa ameziona Ramadhani zikipita, akizifunga moja moja, na hata mara moja hakukumbuka kujumlisha siku hizo kwenye hesabu ya nyumba yake. Mkataba ulikuwa haujaisha. Siku alipoketi mbele ya Théodore akikiri kosa, ulikuwa umebakiza miezi sita na zaidi. Barua ya kuongeza ilikuwa na nafasi mpaka mwisho wa Julai hii waliyomo. Alikuwa hajasahau chochote. Alikwenda kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na huko ndiko akalifanya.

Alijuta, na majuto yake hayakuwa ya kusema maneno. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaomboleza chini chini kama aliyefiwa tena. Sumaiya alikaa karibu naye, akamfunika blanketi mabegani, akasema, "Eish, Mama. Mama," basi.

Asubuhi yake waliandika barua ya kuongeza miaka kumi, wakaipeleka kwa mkono. Jibu lilirudi na nakala ya ile fomu, sahihi tatu zimezungushiwa wino.

Sumaiya akatafuta msaada wa sheria wa bure. Wakapangiwa mwanasheria, mwanamke kijana mwenye miwani, aliyezisoma karatasi zote mbili bila haraka. Kiingereza cha Kidawa kilikuwa cha kuuzia mitandio, kwa hiyo Sumaiya alikaa katikati kutafsiri. Mwanasheria alisema jambo ni gumu, kwani mtu mzima akitia sahihi, sahihi inamshika. Lakini palikuwa na upenyo mmoja. Ikiwa karani wa kampuni alijua, au alipaswa kujua, kwamba mkataba bado uko hai, akamwacha mama huyu asiyejua Kiingereza atie sahihi bila kumweleza, basi wanaweza kwenda mahakamani na huenda ile fomu ikatupwa. Ikitupwa, mkataba unarudi, na barua yao ilikuwa imefika ndani ya wakati. Miaka kumi ingerudi.

Aliweka kalamu tayari. "Muulize mama. Je, yule karani alimweleza kilichoandikwa?"

Sumaiya alimgeukia mama yake. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema Kiswahili, kile cha kusuasua, taratibu ili asikosee. "Mama, anauliza kama Théodore alikueleza. Sema hapana. Tafadhali. Sema yeye alikupa tu, wewe uka-sign."

Kidawa alimtazama binti yake. Aliona mikono yake imebana ukingo wa meza. Alijua anachoombwa, na alijua kinachotolewa: jiko, vyumba viwili, mabomba yaliyofungwa na mikono ya Mselem, uzee usio na mtu wa kugonga mlango. Alikitaka. Mungu ni shahidi, alikitaka. Aliwaza pia kwamba Théodore ana mke na watoto wawili, na kwamba karani aliyemdanganya mjane hadumu kazini hata wiki. Hata angekuwa hana mke wala mtoto, kijana alikuwa amemsomea mstari kwa mstari.

"Alinieleza," alisema.

"Mama."

"Mwambie alinieleza kwa Kiswahili. Mwambie alitaka kuomba faili, mimi nikamkataza. Aliniuliza mara mbili."

Mwanasheria aliwatazama kwa zamu, akingoja. Ingetosha Sumaiya aseme neno moja la Kiingereza, mama yake asingeweza kulizuia. Machozi yalimtiririka Sumaiya mpaka kidevuni, hakuyafuta. Halafu akatafsiri. Alitafsiri yote, pamoja na ile mara mbili.

Mwanasheria aliandika mstari mmoja, akafunika kalamu. Alisema anasikitika, na alionekana kusikitika kweli.

Kwenye ngazi za ofisi ile Kidawa alisimama apumzike. Alimwambia Sumaiya, "Ulitaka kunisomea, nikakucheka." Sumaiya alimshika mkono wakashuka, na hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Walipata chumba kimoja kwa Mwanaasha, cha kushirikiana bafu. Walihama Jumamosi, siku ya mwisho ya Agosti. Théodore alikuja bila kuitwa, akabeba kabati mgongoni peke yake ngazi zote tatu, hakuweza kumtazama Kidawa usoni. Kisha ofisini Kidawa alimshukuru, akamkabidhi funguo, akasaini kitabu cha kuzipokea. Karani ana utaratibu wake: aliandika tarehe, akaiandika na tarehe ya mwisho wa mkataba kama faili ilivyosema, kwani faili sasa alikuwa nayo. Kidawa aliisoma kichwa chini, kutoka upande wake wa meza. Ilikuwa imebaki miezi miwili.